Barua Pepe, EDI, Dirisha Moja au Jukwaa la Pamoja: Kampuni za Mzigo wa Baharini Zipeane Taarifa kwa Njia Gani?

Kontena la maua au parachichi likitoka Mombasa kwenda Rotterdam hupita mikononi mwa watu wengi kuliko mwenye mzigo anavyodhani. Maersk, kampuni ya meli ya Denmark, walipofuatilia shehena ya ubaridi kutoka Afrika Mashariki hadi Ulaya mwaka 2014, walihesabu watu na taasisi karibu 30, na mawasiliano baina yao zaidi ya 200. Mkulima, mwenye lori, mkaguzi wa mimea, forodha, bandari, wakala wa meli, benki, mpokeaji: kila mmoja anaandika upya jambo lilelile katika mfumo wake, na kila uandishi ni nafasi ya kukosea au kuchelewa. Kampuni ikichoshwa na hali hiyo hukimbilia kununua programu. Hapo ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu programu huondoa kizingiti kimoja tu, nacho mara nyingi ndicho kidogo kuliko vyote.

Tunalinganisha njia nne zinazotumika kweli: barua pepe pamoja na WhatsApp na majedwali ya Excel; EDI, yaani ujumbe wa mashine kwa mashine; dirisha moja la serikali, yaani mfumo mmoja wa kuwasilishia taarifa, au mfumo wa jumuiya ya bandari; na jukwaa la pamoja la kibiashara. Msomaji tuliyemkusudia ni wakala wa forodha, msafirishaji, mwenye bandari kavu au mwagizaji wa kati ambaye lazima aamue aelekeze wapi fedha na watu wake.

Kwanza, kwa nini watu hunyamaza

Chukua wakala anayekusanya mizigo midogo ya wateja wengi katika kontena moja. Kampuni ya meli humpa hati moja kuu ya shehena yenye jina lake. Yeye huwapa wateja wake hati ndogo, kila mtu na yake, na humo ndimo yalimo majina ya wauzaji na wapokeaji halisi. Kuyaweka mbali majina hayo ndiko kunakolinda riziki yake. Hofu ya kunyang'anywa wateja ni ya kweli, tena imekua: kampuni ya meli ya CMA CGM iliichukua CEVA Logistics mwaka 2019, na nyingine, MSC, ikamaliza kuinunua Bolloré Africa Logistics Desemba 2022, ambayo mwaka uliofuata ikaitwa AGL na inafanya kazi katika nchi zetu. Maana yake, kampuni ya meli unayoipa orodha ya wateja wako inaweza kuwa na kampuni dada inayouza huduma ileile unayouza wewe. Njia yoyote isiyojibu hofu hii itajazwa taarifa nusunusu, hata iwe na skrini nzuri kiasi gani.

Kizingiti cha pili ni kwamba anayegharimia taarifa si yule anayefaidika nayo. Kontena tupu likirudishwa, taarifa ya getini ikitumwa papo hapo, mwagizaji huepuka mabishano juu ya tozo ya kuchelewesha kontena, na kampuni ya meli hujua chombo chake kilipo. Aliyelipa karani, kompyuta na intaneti ni mwenye bandari kavu, ambaye hapati chochote. Matokeo yake hutuma mara moja kwa siku, na ya Jumamosi hufika Jumatatu. Hapo kompyuta ya kampuni ya meli imeshahesabu siku mbili zaidi. Ukimlipa hata kidogo kwa kila ujumbe uliofika ndani ya saa moja, tabia hubadilika haraka kuliko kwa mafunzo ya wiki nzima.

Tatu ni sheria, nayo hutajwa vibaya pande zote mbili: wengine hujificha nyuma yake, wengine huipuuza. Sheria za ushindani, ya Kenya ya 2010 na ya Tanzania ya 2003, zinagusa washindani wanaopeana bei, punguzo, mgawanyo wa wateja na mipango ya kupunguza au kuongeza nafasi za mizigo. Muda wa meli kuwasili, namba ya kontena, namba ya lakiri, uzito na hali ya ukaguzi wa mzigo mmoja ni mambo ya uendeshaji. Wahusika wa mzigo huo wakipeana hayo hawajagusa ushindani. Sheria za ulinzi wa data binafsi (Kenya na Uganda 2019, Tanzania 2022) zinamhusu zaidi dereva: jina, namba ya kitambulisho, simu, picha ya leseni. Tuma kile ambacho geti linahitaji tu, na kiwe na muda wa kufutwa.

Barua pepe, WhatsApp na Excel

Njia hii hudharauliwa bila haki. Kila mtu anayo, unachagua mwenyewe nani aone nini, na kwa kampuni yenye washirika watano au sita inatosha kabisa ikifanywa kwa nidhamu. Huharibika mahali palepale kila mara, kwa hiyo kinga yake inajulikana.

Excel ikiachwa na mpangilio wake wa kawaida hufuta sifuri ya mbele. Msimbo wa forodha wa kahawa huanza na 0901 na wa chai 0902. Mpokeaji akifungua jedwali anakuta 901 na 902, mfumo wa forodha unakataa. Namba ya hati ya shehena yenye tarakimu tupu 12 hujitokeza kama 2.19E+11. Namba ikizidi tarakimu 15, zinazofuata hugeuzwa sifuri na hazirudi tena hata ukibadilisha mpangilio baadaye. Weka safu zote za namba ziwe maandishi kabla ya kubandika chochote. Tarehe ziandikwe mwaka kwanza, 2025-04-03, kwa kuwa 03/04 kwa mmoja ni Aprili na kwa mwingine ni Machi.

Saa inahitaji uangalifu wa pekee kwetu. Ujumbe wa sauti usemao "meli inafunga gati saa nne" unaeleweka Mombasa na Dar es Salaam kuwa saa 10:00 kwa saa ya kompyuta. Karani wa Mumbai au Dubai akitafsiriwa neno kwa neno anaandika 04:00. Mfumo wa kampuni ya meli nao huenda unatunza saa za UTC, yaani saa ya kimataifa, zilizo nyuma yetu kwa saa tatu. Lori likiitangulia meli kwa muda wa saa sita, mtu atalipia kusubiri. Kanuni moja inatosha: saa iandikwe kwa tarakimu nne na tofauti yake na UTC, 10:00+03:00, hata ndani ya WhatsApp.

Namba ya kontena ina herufi 4 na tarakimu 7, na tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki zilizotangulia. Kila herufi ina thamani, A ikianza na 10, na thamani 11, 22 na 33 zinarukwa. Zidisha alama kumi za kwanza kwa 1, 2, 4, 8 hadi 512 kwa mfuatano, jumlisha, gawanya kwa 11. Baki ndiyo tarakimu ya mwisho, na baki ikiwa 10 huandikwa 0. Kwa CSQU305438 jumla ni 6185, baki ni 3, hivyo namba kamili ni CSQU3054383. Fomula hiyo inaingia katika seli moja ya Excel, na hunasa karibu makosa yote ya kuandika tarakimu moja vibaya kabla hati haijafika forodha. Kampuni isiyokuwa nayo inalipia marekebisho ya manifesti, yaani orodha ya mizigo ya meli, bila sababu.

Udhaifu usiotibika kwa nidhamu ni huu: taarifa iko kwenye simu ya mfanyakazi. Akiondoka, kumbukumbu ya makubaliano inaondoka naye. Tena kikundi cha WhatsApp chenye watu 60 hakijui nani anapaswa kuona namba ya siri ya kuchukulia kontena.

EDI na API

Ujumbe wa EDIFACT, kiwango cha EDI cha Umoja wa Mataifa, umekuwepo kwa miongo kadhaa na bado ndio unaoendesha makontena duniani. COPARN hutangaza kontena la kuchukuliwa au kuletwa, CODECO huripoti kuingia na kutoka getini, COARRI huripoti kushushwa na kupakiwa melini, BAPLIE hubeba ramani ya makontena ndani ya meli, na VERMAS hubeba uzito uliothibitishwa, ambao mkataba wa SOLAS, wa usalama wa maisha baharini, umeutaka tangu Julai 1, 2016. Faida yake ni kwamba hakuna anayeandika mara ya pili. Kontena likipita getini, upande wa pili unajua ndani ya dakika chache.

Kizingiti ni kwamba kiwango kimoja kina lahaja nyingi. Kampuni mbili za meli zitatumia CODECO toleo la D.95B, lakini mmoja ataweka namba ya nafasi ya mzigo katika sehemu hii na mwingine katika ile. Mmoja anataka aina ya kontena kwa misimbo ya sasa, 22G1 kwa futi 20 na 45G1 kwa futi 40 refu, na mwingine bado anatuma misimbo ya zamani ya tarakimu nne. Bandari zina misimbo ya Umoja wa Mataifa, KEMBA na TZDAR, ila bandari kavu nyingi zinajulikana kwa majina ya mtaani ambayo kila kampuni imeyatungia msimbo wake. Ndiyo sababu kila muunganisho ni mradi. Kampuni 10 zikiamua kila moja iungane na kila nyingine, miunganisho ni 45, na kila toleo likibadilika kuna wa kurekebisha.

Ukiamua kwenda njia hii, fuata mpangilio huu. Anza na ujumbe mmoja tu. Kwa bandari kavu, CODECO ndio unaofaa kuanzia. Pata mwongozo wa utekelezaji wa mshirika wako kwa maandishi, pamoja na mifano mitatu ya ujumbe halisi: kontena tupu, kontena lenye mzigo, na kontena lililofutwa kwa makosa. Kubalianeni njia ya kusafirishia, SFTP au AS2, na jedwali la misimbo ya mahali. Fanyeni majaribio, kisha endesheni mfumo mpya na barua pepe sambamba kwa wiki nne, mkilinganisha kila siku hesabu ya makontena pande zote mbili. Usizime barua pepe mpaka tofauti iwe sifuri kwa siku kumi mfululizo.

Jambo linalowaponza wengi ni jibu la CONTRL. Linasema ujumbe umefika na umeandikwa kwa muundo sahihi, basi. Halisemi kwamba kontena limetambuliwa na kuingizwa. Jibu la aina hiyo ni APERAK, na washirika wengi hawalitumi bila kuombwa. Mwenye bandari kavu anaona "imepokelewa", kampuni ya meli haina rekodi, mwagizaji anatozwa. Dai APERAK katika makubaliano, na mpaka litakapokuja tunza risiti ya makabidhiano ya kontena yenye saa na saini.

API ni dada mdogo wa EDI: unauliza, unajibiwa papo hapo. DCSA, chama kilichoanzishwa mwaka 2019 na kampuni kubwa za meli, hutoa viwango vya wazi ambavyo yeyote anaweza kuvitumia bila malipo. Kwa kufuatilia mzigo, API ya kampuni ya meli ni bora kuliko kukagua tovuti kwa mkono kila asubuhi. Lakini inakupa tu kile ambacho kampuni hiyo inakijua na iko tayari kukisema. Muda wa kuwasili unaoonekana humo ni makadirio. Mkataba wa malori usifungwe juu yake peke yake.

Dirisha moja na mifumo ya jumuiya ya bandari

Nguvu ya dirisha moja ni sheria. Tangu Januari 1, 2024, nchi wanachama wa mkataba wa FAL, wa kurahisisha usafiri wa meli, wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Majini zinawajibika kuwa na dirisha moja la kielektroniki kwa taarifa za meli kuwasili, kukaa na kuondoka. Kenya ilianzisha KenTrade, shirika la serikali linaloendesha dirisha moja la biashara, mwaka 2011 na kuwa na sheria ya mfumo huo mwaka 2022. Tanzania nayo ina mfumo wake. Hapa hakuna wa kusubiri mwenzake ashawishike, kwa sababu asiyewasilisha hapitishi mzigo. Hofu ya mshindani pia ni ndogo, kwa vile aliye katikati hauzi huduma unazouza.

Tatizo lake ni mwelekeo. Taarifa hupanda kutoka kampuni kwenda serikalini, na mara chache hushuka au kwenda pembeni kutoka kampuni kwenda kampuni. Forodha ikishatoa kibali, mwenye lori hulijua hilo kwa simu ya wakala. Mizigo ya Uganda na Rwanda inaongeza tabaka jingine: tangu Himaya Moja ya Forodha ya Afrika Mashariki ianze mwaka 2014, tamko hufanyika katika mfumo wa nchi mzigo unakokwenda, na mzigo wenyewe hutolewa Mombasa au Dar es Salaam kwa mfumo wa nchi ya bandari. Jina la kampuni likiandikwa "Ltd" huku na "Limited" kule, au namba ya hati ikiwa na nafasi katikati, mifumo haikutani na mzigo hukaa. Nakili maandishi ya manifesti herufi kwa herufi, hata kama yana kosa la tahajia, mpaka wakala wa meli arekebishe rasmi.

Mfumo wa jumuiya ya bandari unatoa ile njia ya pembeni. Mfano ulio wazi ni Portbase ya Uholanzi, inayomilikiwa na mamlaka za bandari za Rotterdam na Amsterdam. Huko palikuwa na tabu ya namba za siri: aliyekuwa na namba alichukua kontena, hivyo magenge ya dawa za kulevya yakawa yananunua namba kutoka kwa wafanyakazi. Tiba ilikuwa kuhamisha haki ya kuchukua kontena kidijitali, kutoka kampuni ya meli kwenda kwa wakala, kisha kwa msafirishaji aliyetambuliwa, kila mmoja akiona hatua yake. Tunaliona hilo kuwa somo kubwa kuliko teknolojia yoyote mpya: taarifa ilipeanwa zaidi kwa kuwa idadi ya wanaoiona ilipunguzwa.

Jukwaa la pamoja la kibiashara

TradeLens ilizinduliwa mwaka 2018 na Maersk pamoja na IBM, ikiwa na fedha, wahandisi na ahadi ya kuunganisha mnyororo mzima. Teknolojia ilifanya kazi. Kampuni nyingine kubwa za meli zilisita kwa sababu mmiliki alikuwa mshindani wao. MSC na CMA CGM zilitangaza kujiunga mwaka 2019 baada ya mazungumzo marefu juu ya uendeshaji. Novemba 2022 wamiliki walitangaza kuifunga, wakieleza kwamba ushirikiano kamili wa sekta nzima haukupatikana, na mwanzoni mwa 2023 ikazimwa. GSBN, jukwaa jingine la Hong Kong, lilichukua njia tofauti: halikuundwa kwa ajili ya faida, na wanahisa wake ni kampuni kadhaa za meli na za bandari, si moja.

Kwa hiyo kabla ya kujiunga na jukwaa lolote, uliza: nani anamiliki, na anauza nini kingine? Jina la mteja wangu litaonekana na nani hasa, na naweza kujaribu hilo kwa akaunti ya mtu mwingine kabla ya kusaini? Jukwaa likifa, nitapata data yangu kwa muundo gani na kwa siku ngapi? Swali la usalama nalo lisikose. Juni 2017 kirusi cha NotPetya kiliingia Maersk kupitia programu ya kodi ya Ukraine, kikalazimisha kusimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000, na hasara ilikadiriwa kati ya dola milioni 200 na 300. Mwenye nakala ya orodha zake nje ya mfumo anaweza kuendelea kufanya kazi.

Zikiwekwa pamoja

| | Barua pepe na Excel | EDI / API | Dirisha moja, jumuiya ya bandari | Jukwaa la kibiashara |
|---|---|---|---|---|
| Gharama ya kuanza | Ndogo sana | Ya kila muunganisho | Ada na mafunzo | Usajili, hutofautiana |
| Makosa ya kuandika upya | Mengi | Machache | Machache, ila nje ya mfumo yanabaki | Machache |
| Nani anaona | Unachagua, lakini inavuja | Wawili tu | Kwa mujibu wa sheria na ruhusa | Uliza kabla ya kusaini |
| Hatari kuu | Kupotea, kuchanganya saa na namba | Lahaja za kiwango | Taarifa kupanda bila kushuka | Mmiliki mshindani, kufungwa |

Usichague njia moja kwa taarifa zote. Kibali cha forodha na manifesti havina mjadala, vinapita dirisha moja. Matukio ya getini na namba za kontena yaende kwa EDI pale mshirika mmoja anapokuletea sehemu kubwa ya kazi. Kwa wengine, jedwali lenye kanuni zilizotajwa linatosha. Muda wa kuwasili uvute kwa API au tovuti ya kampuni ya meli, kisha uulinganishe na ratiba ya magati ya bandari. Bei na masharti ya malipo yabaki katika barua pepe ya watu wawili. Majina ya wateja wa mizigo iliyokusanywa yaende forodha, na usiyaweke kwenye jukwaa la kampuni ya meli isipokuwa mkataba unakulinda.

Njia yoyote itakayochaguliwa, karatasi moja ya makubaliano isainiwe na pande zote. Iorodheshe taarifa zinazotumwa moja baada ya nyingine, muda wa mwisho wa kutuma kila moja kwa dakika au saa, msimbo wa kila mahali na muundo wa saa na tarehe. Iseme ni kwa kazi gani tu taarifa itatumika, na kwamba haitapewa idara ya mauzo wala kampuni dada. Itaje anayelipa kila ujumbe, anayebeba tozo ujumbe ukichelewa, na simu ya mtu wa zamu saa 24. Mwisho iweke siku za notisi ya kujitoa na namna ya kurudishiwa data. Siku 60 zinatosha kuhamisha muunganisho mmoja wa EDI.